Valize yenye tablo ya Van Gogh: magurudumu mazuri, picha ni aibu

"Papa, weye ulitaka valize ao ulitaka tablo?" Hilo ndilo jibu la garanti katika duka moja hapa katikati ya Lubumbashi, nilipoonyesha kona ya valize yangu, sanduku la safari nililonunua hapo, ambayo picha yake imeanza kunyanyuka. Kijana hakuinuka hata kwenye kiti. Macho kwenye simu, kidole kwenye simu, mdomo unasema garanti ni ya magurudumu na zipu, picha ni urembo tu. Sawa, kama ni urembo tu, mbona ile nyeusi ya saizi ileile, iliyopangwa kando yake, bei yake iko chini karibu theluthi nzima? Theluthi hiyo nililipia nini, hewa?

Nilitaka vyote viwili, bwana. Ndiyo maana ya kununua valize ya ganda gumu yenye "Usiku wa Nyota" mbele yake.

Tuanze na picha yenyewe, maana wanaoiuza hawaijui. Mchoraji Van Gogh aliichora mwaka 1889 akiwa kwenye hospitali ya Saint-Rémy, Ufaransa, na imelala: upana wake ni sentimita 92, urefu wa kwenda juu hata 74 haufiki. Valize inasimama. Kwa hiyo kiwandani lazima wakate kitu, ama ule mti mweusi wa msiprasi wa kushoto, ama mwezi wa juu kulia. Kwenye hii wamebakiza mwezi, na msiprasi wameukata katikati hadi unafanana na moshi wa makaa. Hilo ningelimeza. Hata mifereji ya ganda inayopita juu ya nyota ningeisamehe, kwa sababu mifereji ndiyo inayolipatia ganda nguvu lisibonyee.

Ila kona, hapana. Ukiinyanyua kwa ukucha, chini unaona plastiki nyeupe tupu na gundi iliyokwisha kujaa vumbi jekundu letu la kiangazi. Na pale penye mviringo kuna mkato mdogo wa kisu wenye umbo la V, kingo zake zimelazwa moja juu ya nyingine. Mkato huo unasema kila kitu: ganda lilitengenezwa kwanza, likiwa jeupe, kisha picha ikabandikwa juu yake kama stika ya basi. Karatasi ya plastiki iliyo bapa haikubali kulala juu ya kona ya mviringo mpaka ivutwe kwa nguvu au ikatwe. Iliyovutwa inataka kurudi ilivyokuwa. Ikipata joto la Oktoba, au jua la juu ya paa la gari la Kolwezi, gundi inalainika na yenyewe inarudi. Kisha vumbi linaingia, na likishaingia gundi haishiki tena.

Valize ya kweli ya aina hii haitengenezwi hivyo. Picha huchapwa kwenye utando mwembamba, utando unaunganishwa na shiti ya polikaboneti au ya ABS (aina mbili za plastiki ngumu), juu yake linakaa tabaka linalopitisha mwanga, kisha vyote kwa pamoja vinapashwa moto na kuvutwa juu ya kalibu kwa nguvu ya kunyonya hewa. Kwa njia hiyo mkwaruzo wa kawaida unaishia kwenye tabaka la juu, haugusi rangi.

Kwa hiyo ukiwa dukani, angalia kona kwanza, halafu ndipo uangalie uso. Mara nyingi kona ambayo picha yake imevutika kidogo, nyota imekuwa yai na rangi imepauka, ndiyo nzuri: picha na plastiki vilivutwa pamoja. Kona ambayo nyota zake ziko duara kamili, na ukipapasa unagusa mkato, iache hapohapo. Halafu fungua zipu uangalie ukingo wa ganda pale linaposhonewa. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye ngazi ndogo, hiyo ni stika. Washa tochi ya simu kwa pembeni: vipele vidogo vya hewa vikionekana chini ya picha, stika tena. Muuzaji akikukataza kupitisha ukucha, ameshakujibu.

Bonyeza na katikati ya ganda kwa dole gumba. Polikaboneti inabonyea na kurudi yenyewe bila alama. ABS ni ngumu zaidi kubonyea, na ikipinda sana inaacha mstari mweupe usiofutika. Ya kwangu imerudi safi kabisa, na hapo ndipo hasira inapopata shida.

Maana valize yenyewe, ukiondoa picha, ni nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Magurudumu ni mapacha pande zote nne, yana mpira juu, hayapigi kelele, na yamepita kwenye changarawe na mashimo ya kutoka barabarani hadi mlangoni bila kulegea. Fungua kitambaa cha ndani (kina zipu yake) utaona kila gurudumu limeshikwa kwa skrubu, si kwa ribiti, kile kipini cha chuma kinachopondwa ncha na hakifunguki. Hiyo ni heshima. Skrubu fundi yeyote wa hapa mjini, wa komini ya Kenya au ya Katuba, anafungua na kubadilisha gurudumu ukiwa umekaa. Zenye ribiti lazima zitobolewe kwa keekee, kisha ziwekwe bolti na nati isiyolegea, na ndani washa pana (kile kisahani chenye tundu), la sivyo bolti inachana plastiki kwenye shimo la kwanza. Mkono wa kuvuta hauyumbi. Zipu haijakwama hata kwa vumbi. Nilitaka kuipa valize hii alama ya nyota moja tu. Kwa magurudumu haya siwezi kushuka chini ya tatu. Duka lenyewe nalipatia sifuri, na sifuri hiyo nairudia.

Ukitaka picha juu ya valize, chagua inayokaa wima. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53, karibu sawa na uso wa valize kubwa, hakatwi mtu. Ila ogopa zenye nyuma nyeusi, kama yule msichana mwenye hereni ya lulu wa mchoraji Vermeer: kila mkwaruzo kwenye giza lile unaonekana mweupe kutoka mbali. Na kwa nini viwanda havijawahi kutuletea kazi za Hangar, ile karakana ya uchoraji ya Romain-Desfossés iliyoanza hapahapa mwaka 1946? Ndege na samaki wa mchoraji wake Pilipili Mulongoy wangepamba ganda lolote, na mistari mifupi mifupi ya mwenzake Mwenze Kibwanga ingeficha mikwaruzo yote ya kampuni za ndege. Tungelipa hata hiyo theluthi.

Kwa walio nayo tayari: msikubali watu wa ajansi ya usafiri wabandike karatasi ya mzigo kwa skochi juu ya picha. Waambie wafunge kwenye mkono. Skochi ikitolewa inaondoka na anga lote la Saint-Rémy. Kufungwa kwa nailoni ya kuzungusha ni sawa, haina gundi.

Kona iliyonyanyuka msiipake superglue, na asetoni iacheni saluni: inayeyusha ABS, na polikaboneti inaitia nyufa nyembamba. Osha chini ya picha kwa maji ya sabuni na mswaki laini hadi vumbi liishe, acha ikauke usiku mzima. Pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, moto wa chini, ukiisogeza wakati wote, kisha kandamiza kwa kitambaa kutoka katikati kwenda ukingoni. Juu yake weka kipande cha stika angavu ya vinaili, ile ya watu wanaoandika matangazo kwenye magari, kizidi sehemu iliyonyanyuka kwa sentimita 2 kila upande. Kikate kwa mviringo, maana stika yenye pembe kali huanza kubanduka kwenye pembe hizohizo.