Celtic Woman (2005): nyimbo za kale ndo zimeibeba albamu, hizo nyingine mnaweza kuruka

Nianze na lililonikera, maana sifa zipo nyingi na zitakuja tu. Hii albamu ya kwanza ya Celtic Woman, kundi la wanawake wa Ayalandi, ile yenye jina lao wenyewe, inauzwa kama Ayalandi tupu, halafu unaiwasha, unapewa beti chache za The Last Rose of Summer za kukupasha, hujakaa sawa ushapelekwa kwenye Walking in the Air, wimbo wa katuni ya Uingereza ya 1982. Wa pili May It Be wa kwenye The Lord of the Rings. Huko mbele kuna Nella Fantasia, muziki wa Ennio Morricone yule Mwitaliano, umetoka kwenye filamu ya The Mission, kuna na Someday ya Disney. Hata You Raise Me Up ambao wengi wanaapa kwamba ni wa Kiayalandi, muziki wake katunga Rolf Løvland wa Norwei, Mwayalandi hapo ni Brendan Graham aliyeandika maneno. Sisemi ni nyimbo mbaya, wanaziimba vizuri mno, ila kama umefuata nyimbo za asili basi jiandae kuruka ruka.

Na sababu yake inajulikana. Hawa hawakuwa kundi la marafiki waliokua wakiimba pamoja, walikusanywa. David Downes, aliyekuwa mkurugenzi wa muziki wa Riverdance, lile onyesho la densi za Kiayalandi, aliwaita wanawake watano kwa ajili ya shoo ya usiku mmoja tu ukumbi wa The Helix, Dublin, Septemba 2004. Waimbaji wanne: Chloë Agnew (alikuwa na miaka 15, sikiliza ile sauti halafu urudi kwenye hiyo namba), Órla Fallon ambaye pia anapiga kinubi, Lisa Kelly na Méav Ní Mhaolchatha. Wa tano Máiréad Nesbitt yeye ni fidla. Shoo ikarekodiwa, televisheni ya PBS ya Marekani ikairusha 2005, Wamarekani wakapagawa, albamu ikakaa namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa mataifa mbalimbali (World Music) wiki 81 na iliyokuja kuing'oa ni albamu yao wenyewe ya Krismasi. Kwahiyo ni mziki uliopangwa umfurahishe mtu aliyekaa kwenye kochi anaangalia TV, ndo maana kila baada ya wimbo wa kale unarushiwa kitu unachokijua ili usihamishe chaneli.

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe, Siúil a Rún. Huu kwangu ndo wimbo wa albamu, hakuna mjadala. Beti ni za Kiingereza, kiitikio ni Kiayalandi, na anayeongea ni msichana ambaye mpenzi wake kaenda Ufaransa kuwa askari. Watu wengi wanauhusisha na wale wanajeshi wa Kiayalandi walioondoka kwenda kupigania Ufaransa baada ya mkataba wa Limerick, 1691. Huyu dada anasema atauza vifaa vyake vyote vya kusokotea nyuzi, mpaka gurudumu lenyewe, amnunulie jamaa upanga wa chuma. Fikiria hapo, hiyo ndo kazi inayomlisha, anaiuza ili mwanaume aende vizuri vitani! Halafu anasema atapaka gauni lake la ndani rangi nyekundu azunguke dunia akiomba mkate mpaka wazazi wamuone bora afe. Hawa wadada hawaulilii, hawaweki kwikwi za maigizo, wanauimba wamenyooka kabisa na pale kwenye kiitikio sauti zinapogawanyika unajikuta umeacha unachofanya. Mi nautafuta huu kwanza kila nikiifungua hii albamu, hizo nyingine baadae.

She Moved Thru' the Fair nao una mambo yake. Maneno ni ya mshairi Padraic Colum, yalichapwa 1909, lakini melodi ni ya zamani kuliko hapo, inatoka Donegal. Kijuujuu ni hadithi ya mapenzi, binti anamwambia jamaa wazazi wangu hawatakudharau kwa umaskini wako, harusi yetu haiko mbali, anaondoka anapita katikati ya gulio. Beti ya mwisho anarudi usiku, anaingia kimya kimya miguu haitoi hata sauti, anarudia maneno yaleyale ya harusi. Ndo unashtuka, ala, huyu si mtu tena! Melodi yenyewe haitui pale sikio linapotegemea, inakuacha unaning'inia. Ningependa hapa okestra ingekaa pembeni kabisa, ule wimbo unataka sauti moja na giza, basi.

Halafu kuna Sí Do Mhaimeo Í, na hapa nacheka kila mara. Ni wa Connemara, magharibi mwa Ayalandi, Kiayalandi mwanzo mwisho, ni vijembe vitupu kuhusu bibi kizee mwenye hela zake. Wimbo unamwambia msikilizaji, ni bibi yako huyo, kizee wa mapesa, halafu unamuuliza, unadhani kijana atamuoa? Unajijibu wenyewe, hamuoi, bado mdogo mno na hizo pesa angezinywa zote. Mfupi, una mwendo wa haraka, hauna yale maringo ya filamu, na ndo unaonyesha kwamba nyimbo za kale za Ayalandi sio majonzi na ukungu tu, watu walikuwa wanasemana na kuchekana humohumo. Albamu ingekuwa na tatu nne za hivi ningefunga mdomo.

Kwa wanaotaka kujua asili hasa, uimbaji wa kale wa kule unaitwa sean-nós na ni mtu mmoja, hana chombo hata kimoja, hana wa kumuitikia. Hakuna kugawana soprano na alto. Anaivuta melodi anavyotaka, anaipamba mwenyewe vinoti vidogo vidogo, mdundo anaufuata kama anavyoongea, na kuna mahali msikilizaji humshika mwimbaji mkono akawa anauzungusha taratibu wakati anaimba. Kwahiyo kundi la wanawake wanaoimba kwa sauti zilizopangwa, nyuma kuna kwaya na okestra, hicho ni kitu cha juzi tu, kimetoka kwenye kwaya na kwenye jukwaa. Sina shida nacho. Shida yangu ni mwangwi. Kila sauti imemwagiwa mwangwi mpaka konsonanti zinapotea, na Kiayalandi bila zile konsonanti zake unabaki na hewa nzuri tu. Mpo na waimbaji wanaoijua hii lugha, tuacheni tuisikie bana.

Danny Boy upo, lazima uwepo, na sitatumia muda mwingi hapo. Melodi ni ya Ayalandi kaskazini, Jane Ross wa Limavady ndo aliyeinukuu, ikachapwa 1855, maneno kaweka mwanasheria wa Kiingereza Frederic Weatherly. Wameuimba kwa heshima, haujazidishwa, nimeshasikia ukiteswa zaidi ya hivi. Isle of Inisfree ulinishangaza zaidi, nilijua ni wa karne na karne kumbe umetungwa na Dick Farrelly, polisi wa Dublin, ukatoka 1950, lakini umekaa kikale vizuri sana na hapa unaachwa upumue.

The Butterfly hauna maneno, ni fidla ya Máiréad. Ni ile midundo ya kuhesabu tatu tatu tatu, unahusishwa sana na mpiga fidla wa Dublin, Tommie Potts. Wenye roho za kale watasema ngoma zimezidi na kasi imekuwa ya jukwaani, wana hoja, lakini ukiwa na spika nzuri hutakaa kwenye kiti.

Ushauri wangu wa kuisikiliza: usiichukue mpangilio walioupanga wao. Tengeneza orodha yako, Siúil a Rún, Isle of Inisfree, She Moved Thru' the Fair, The Butterfly, Danny Boy, malizia na Sí Do Mhaimeo Í. Hiyo ndo albamu waliyotakiwa kuitoa. Orinoco Flow ya Enya kaisikilize kwa Enya mwenyewe, na Harry's Game kaisikilize kwa kundi la Clannad lenye wimbo wake, hawa Celtic Woman wameziimba safi ila hawajaongeza kitu.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Hiyo nusu ni ya yule bibi.