TAHADHARI: Dereva wa stesheni ya Samarkand na "zafarani" ya ndugu yake

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda ziara Uzbekistan, hasa mnaosafiri na wazee, someni hii kabla hamjatoa hela yenu Samarkand.

Nimerudi juzi na shangazi yangu. Nia yake ilikuwa moja tu, kuzuru kaburi la Imam Bukhari, mkusanyaji wa Hadithi, pale Hartang, kama kilomita 25 nje ya mji. Ziara tumeifanya, alhamdulillahi, na wenyeji wengi wametupokea kwa heshima kubwa. Lakini siku ya kwanza tulilizwa mara mbili na mtu yule yule.

Ilianzia stesheni. Treni ya Afrosiyob kutoka Tashkent inachukua saa mbili na ushee, na ukitoka nje tu madereva wanakuzunguka. Mmoja akatuamkia "Assalamu alaykum", akampokea shangazi begi. Nikamuuliza nauli hadi Registan, ule uwanja wa kihistoria wa mjini, akaandika 20 kiganjani kwa kidole. Nikaelewa so'm (hela ya Uzbekistan) 20,000. Tulipofika akadai dola 20. Dola moja ni karibu so'm 12,000, kwa hiyo alitaka mara kumi na mbili ya nilichoelewa. Nilibisha, akapaza sauti, watu wakageuka kutazama. Shangazi akanisihi nilipe yaishe. Nikalipa.

Hapo ndipo akalainika. Akaomba radhi, akasema atatupeleka bure soko la Siyob, lile la jirani na msikiti wa Bibi-Khanym, kwa ndugu yake. Jamani, hiyo lifti ya bure ndiyo mtego wenyewe. Muuzaji alikuwa anatusubiri, na mzigo ulishapangwa mezani.

Shangazi hupika biriani za harusi, kwa hiyo zafarani anaijua. Lakini alikuwa amechoka, kifuko kilikuwa kimefungwa, na rangi ilivutia. Tulilipa dola 15 kwa kifuko cha kujaa viganja viwili. Nyumbani alipoiloweka, maji yakawa manjano papo hapo, harufu hakuna. Zilikuwa petali kavu za mmea mwingine wenye miiba, unaolimwa kwa mafuta ya mbegu zake. Zinatia rangi tu.

Unyuzi wa zafarani halisi ni mwekundu uliokoza, mwembamba chini na umepanuka nchani kama tarumbeta. Ukiuloweka, rangi hutoka polepole na unyuzi wenyewe hubaki mwekundu. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono, ndiyo maana huuzwa kwa gramu. Ukiona inachotwa kwa kikombe, ondoka. Na usikubali kifuko kilichofungwa: omba kifunguliwe unuse.

Pale pale tukauziwa mitandio miwili ya "hariri tupu". Nimechoma uzi mmoja wa pindoni: ukanuka karatasi iliyoungua na ukaacha majivu laini. Hariri huungua ikinuka nywele, na mabaki yake ni kitonge cheusi kinachosagika. Muuzaji mwaminifu atakuvutia uzi mmoja mwenyewe auchome mbele yako. Pia ujue kitambaa cha adras, kile chenye michoro kama iliyochovywa majini, ni mchanganyiko wa hariri na pamba. Ni kitambaa kizuri na cha heshima, ila usikilipie bei ya hariri tupu.

Kuhusu usafiri, wekeni Yandex Go, programu ya kuita teksi, kwenye simu kabla ya kushuka kwenye treni. Bei inaonekana kabla gari halijafika, na inakuwa ya so'm. Siku zilizofuata tulitumia hiyo na hatukugombana na mtu. Hela badilisheni benki. Tangu 2017 serikali ilipoiachia thamani ya so'm, hamna faida yoyote ya kubadilisha kwa mtu wa barabarani.

Kwenda Hartang mtahitaji gari la kuwasubiri. Tulichofanya sisi ni kuandika kwenye simu tarakimu zote pamoja na neno "so'm", kwenda na kurudi, na saa za kusubiri, dereva akasoma na kukubali kabla hatujafunga mlango. Yule alikuwa kijana mpole. Alimshika shangazi mkono kwenye ngazi, akamngoja hadi amalize dua, na bei ikabaki ile ile.