Mikopo chechefu au uhaba wa ukwasi: kipi huua benki haraka?

Hatari ya mikopo anaijua hata muuza duka wa mtaani: umekopesha, aliyekopa halipi. Benki huikabili kwa dhamana, wadhamini na kuchungulia rekodi za mkopaji. Rejesho likichelewa zaidi ya siku 90, mkopo huhesabiwa chechefu, na Benki Kuu ya Tanzania hutaka mikopo ya aina hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Maradhi haya hutafuna polepole.

Hatari ya ukwasi haina subira. Benki inaweza kuwa na mali tele, ila pesa taslimu isiwepo siku wenye akiba wanapoidai. Itazame Silicon Valley Bank ya Marekani. Wakopaji wake hawakuwa tatizo. Fedha nyingi za wateja ilikuwa imezifungia kwenye hatifungani (hati za mkopo zenye riba iliyopangwa) za muda mrefu. Riba ilipopanda, hatifungani mpya zikalipa zaidi, na bei ya hizo za zamani ikashuka (hiyo ni hatari ya riba, ndugu wa tatu). Tarehe 8 Machi 2023 ikatangaza kwamba imeuza sehemu ya hatifungani zake kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakataka kutoa dola bilioni 42, wengi kupitia mtandao, bila hata foleni mlangoni. Tarehe 10 ikafungwa.

Ndiyo maana mimi nikisoma hesabu za benki ya Kenya, huanza na uwiano wa ukwasi (pesa na mali zinazogeuzwa pesa haraka, zikilinganishwa na amana za wateja), ambao kisheria haupaswi kushuka chini ya asilimia 20. Mikopo chechefu hufuata.