Boneti gadi kwenye Hilux, miezi nane barabarani

Hii ni ile plastiki nyeusi inayosimama kwenye mdomo wa boneti. Nilichukua Kariakoo, elfu themanini na ufundi humo humo, na kilichonipeleka ni kumbikumbi tu. Anayepita Morogoro kwenda Iringa usiku mvua zikishaanza anajua naongelea nini, ukiwasha taa wanakuja kama mtu anakumwagia mchele kwenye kioo, ukisema upige waipa ndo umeharibu kabisa, yale mafuta yao yanasambaa kioo kinakua kama kimepakwa siagi, na hapo lori linakuja mbele limewasha fulu, huoni kitu.

Sasa inazuia? Inapunguza, haimalizi. Kazi yake ni kuurusha upepo juu, kadudu kepesi kanapanda na upepo kanapita juu ya kabini, ila lazima uwe unakimbia, mi naona kuanzia 80 hivi. Mle Mikumi hifadhini tunakotembea 50 kwa ajili ya wanyama sijaona tofauti yoyote. Na panzi mkubwa upepo haumbebi, anakuja puu!

Ila nilichokuja kuipendea ni rangi. Mdomo wa boneti ulikua umedonolewa na kokoto za malori mpaka bati linaonekana, na wadudu wakigandia pale wakapigwa na jua siku mbili tatu wanakula rangi kweli kweli. Nikapiga rangi upya nikafunga gadi, toka hapo kokoto zinaishia kwenye plastiki. Yenyewe ina nyufa mbili, boneti haijadonolewa tena hata sehemu moja.

Angalieni sana ufungaji jamani. Fundi wa kwanza aliibana ikalalia boneti, vumbi likaingia katikati na gari inavyotetemeka likawa linasugua kama msasa, rangi mpya imeniachia mkwaruzo wa kiganja kizima, iliniuma mno. Hakikisha anaweka viraba na inabaki nafasi ya kidole kupita, ili ukiosha gari upige maji mpaka ndani uchafu utoke. Chukua ya modeli ya gari yako, zile za kulazimisha zikae zinapiga mluzi ukifika 100.

Kama gari yako inazunguka mjini tu, hela hiyo nunua waipa nzuri. Mi wa safari, hii ikipasuka kabisa nafunga nyingine wiki hiyo hiyo.