TAHADHARI: Seti za "vibao halisi" vya makundi ya Uingereza ya miaka ya 60. Majina ni yale, sauti si zile

Wapenzi wa muziki wa zamani, na hasa ninyi mlioko huku Uingereza mnaowanunulia wazee nyumbani, tulieni kidogo kabla hamjabonyeza "nunua". Kuna seti ya sidii 5 yenye nyimbo 100 inauzwa mtandaoni kwa pauni 24. Kavani kuna vijana wa suti na tai nyembamba, picha nyeusi na nyeupe, na majina yote yanayomtoa mzee machozi: The Searchers, Herman's Hermits, The Troggs, The Tremeloes, Gerry and the Pacemakers. Chini yake, kwa maandishi ya dhahabu, "Original Artists", yaani wasanii halisi. Mimi nimeshaingizwa mjini, sitaki na wewe uingie.

Nilimnunulia baba mkubwa, yuko Tanga. Ujanani alikuwa baharia, na mwaka 1964 meli yao iliyobeba katani ilitia nanga Liverpool. Wakati huo Needles and Pins ya The Searchers, vijana wa mji huohuo, ilikuwa imetoka kushika namba moja Uingereza nzima. Akanunua santuri yake, akarudi nayo, wakaipiga mpaka jua na unyevu wa Tanga vikaipinda kama chapati. Tangu hapo kila nikimpigia simu ananiuliza kama huku bado inapatikana.

Basi binamu akaenda na seti hiyo likizo. Siku ya pili simu ikalia.

"Shikamoo baba. Umeusikia wimbo wako?"

"Marahaba mwanangu. Hawa niliowasikia ni nani?"

"The Searchers, baba."

"Sio. Mbona pedali hailii?"

Nikacheka, nikasema uzee huo. Mzee hakucheka. Akanieleza kwamba katika wimbo ule ngoma kubwa ya mguu inalia kwi-kwi tangu mwanzo, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta, na kwamba wao baharini walikuwa wakiigiza mlio huo kwa midomo. Sidii hii ilikuwa safi, haina kwi-kwi hata moja.

Nikaenda kusikiliza rekodi ya 1964 kwa spika za masikioni. Wallahi inalia. Pedali ya mpiga ngoma ilikuwa na kasoro, maikrofoni za studio zikaunasa mlio wote, na kampuni ya rekodi ya Pye ikautoa wimbo hivyohivyo. Leo mlio huo ndio alama yake ya kidole. Kurekodi upya kunaweza kuiga gitaa, kunaweza kuiga hata sauti, lakini nani atatafuta pedali mbovu?

Sasa nikaichukua kava iliyobaki kwangu, nikaisoma kwa kioo cha kukuzia. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu, herufi za ukubwa wa sisimizi: baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na mwanakundi mmoja au zaidi wa asili. Mmoja au zaidi! Na hilo neno "baadhi" ni la adabu tu, maana katika nyimbo 20 nilizolinganisha, 14 hazikuwa rekodi za miaka ile.

Ujanja uko hivi. Makundi mengi ya wakati ule hayakumiliki rekodi zao. Mkanda wa studio ulikuwa mali ya kampuni. Anayetaka kuuweka wimbo ule kwenye mkusanyiko lazima amlipe mwenye mkanda. Ukitaka kumkwepa, unamtafuta mwimbaji mwenyewe miaka 20 au 30 baadaye, unamlipa, anaingia studio na wapigaji wa kukodi, anauimba tena. Jambo hilo si haramu, na mimi simlaumu mwanamuziki aliyeondoka kwenye mkataba wa ujana wake mikono mitupu. Ninayemlaumu ni anayechukua rekodi hiyo akaivika picha ya 1964 na kuiita halisi. Msanii halisi na rekodi halisi ni vitu viwili, na wauzaji hawa wanaishi katikati ya maneno hayo mawili.

Tena hata huyo "msanii halisi" umuulize ni yupi. Chris Curtis, mpiga ngoma wa The Searchers, aliondoka 1966. Mike Pender aliyeongoza kuimba Needles and Pins alijitoa mwaka 1985 akaanzisha Searchers yake, wenzake wakaendelea na jina lao, kukawa na Searchers mbili zinazozunguka majukwaani. Herman's Hermits nao vilevile: mwimbaji wao Peter Noone huku, mpiga ngoma wao kule. Peter Noone aliurekodi upya wimbo wao wa kwanza kushika namba moja, I'm into Something Good, kwa ajili ya filamu ya 1988, kwa hiyo hata sauti ikiwa ndiyo, rekodi huenda siyo.

Msidhani ni ujanja wa kizazi cha intaneti. Mwaka 1965 huko Marekani ilitoka santuri iitwayo Best of the Beatles. Watu wakaikimbilia, kumbe ni ya Pete Best, mpiga ngoma aliyeachishwa kundi Agosti 1962. Jina lake la ukoo kwa Kiingereza ndilo neno "bora". Huwezi hata kumshtaki mtu kwa kutumia jina lake mwenyewe! Mwanzoni mwa 1973 zikatangazwa kwenye televisheni na redio za hukohuko santuri 4 ndani ya boksi moja, Alpha Omega, nyimbo za Beatles zilizokusanywa bila ruhusa na kuuzwa kwa posta. Aprili mwaka huohuo zikatoka rasmi zile seti mbili, ya kava jekundu na ya kava la buluu, na boksi lile ni mojawapo ya sababu zilizowasukuma wenyewe kuzitoa. Hapa Uingereza nako kulikuwa na santuri za bei rahisi za Top of the Pops kuanzia 1968, zimejaa waimbaji wasiotajwa wakiiga vibao vya mwezi. Zile angalau hazikumtaja mtu yeyote kavani. Leo nimeona mtu anaziuza na kwenye tangazo ameandika majina ya makundi yenyewe.

Tukirudi kwa muuzaji wangu: nilimwandikia siku ya 19 tangu nipokee. Akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea kwamba waimbaji ni walewale na maelezo yapo kijitabuni. Kijitabu kiko ndani ya nailoni, ndugu yangu, ningekisomaje kabla ya kununua? Nikamwambia sheria ya walaji ya hapa ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na nina siku 30 za kuikataa. Akasema sawa, nirudishie sidii kwanza. Sidii ziko Tanga! Kuzituma ni karibu bei yenyewe. Tukavutana wiki nzima, mwisho akanirudishia pauni 10, "kama fadhila". Nilizichukua.

Kosa langu nililijua baadaye. Ukinunua kwa mfanyabiashara mtandaoni hapa Uingereza una siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, ila kwa sidii na santuri haki hiyo inakwisha pale tu unapopasua nailoni. Kwa hiyo kifurushi kikifika usiipasue nailoni. Soma mgongo wa kava kwanza. Tafuta herufi P iliyo ndani ya duara: mwaka ulioandikwa pembeni yake ni wa rekodi, na ule wa herufi C mara nyingi ni wa kava na maandishi tu. Ukiona 1964 au 1966 na jina la kampuni ya zamani kama Pye, Decca au EMI, pumua. Ukiona 1989 na kampuni usiyoijua, uliza. Wakati mwingine mwaka mpya unaonyesha tu kwamba mkanda wa zamani umesafishwa, kwa hiyo linganisha pia urefu wa wimbo na ule wa rekodi ya kwanza. Tofauti ya sekunde 10 au 15 inaongea. Na neno "Re-recorded", yaani imerekodiwa upya, popote lilipojificha, ndilo jibu lako. Hata kwenye programu za kusikilizia muziki rekodi hizi zimepangwa bega kwa bega na za zamani, kundi moja, jina moja.

Kwa Beatles na Rolling Stones hofu ya kurekodi upya ni ndogo, hao shida yao ni nakala bandia. Wanaoliwa zaidi ni wapenzi wa makundi ya daraja la pili, yaliyokuwa na vibao vitano sita vikali kisha yakagawanyika.

Njia ninayoipenda mimi sasa ni kununua mikusanyiko iliyotolewa miaka ileile, kwa sababu mwaka 1968 hakuna aliyekuwa na haja ya kuigiza 1964. Hollies' Greatest, santuri ya kundi la The Hollies kutoka kampuni ya Parlophone, ni ya 1968, ilishika namba moja, na maduka ya hisani hapa mjini Reading huwa nayo. Nilipekua boksi la santuri ndogo kwenye duka moja hivyo nikaipata Needles and Pins ya Pye kwa pauni 2, ina mikwaruzo. Nimempigia baba mkubwa kwa simu, spika nimeiweka karibu na gramafoni. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu nikamsikia akifanya kwi-kwi kwa mdomo.

Jina la muuzaji silitaji, na lisingewasaidia, maana nimeliona tangazo lilelile, picha ileile, chini ya majina mawili tofauti. Jana bei ilikuwa imeshuka hadi pauni 17, na maandishi ya dhahabu bado yapo.