Uzoefu wangu na GReddy Profec: kidhibiti cha busti kwenye Forester, kwa hewa ya Nairobi

Nimekaa na Profec kwenye Forester yangu miezi saba sasa. Hii mitatu ya mwisho nimeifurahia sana. Ile minne ya kwanza nusura nikiuze kwa hasara. Naandika kwa sababu namba nilizokuwa nikipewa na wenzangu wa Subaru zilikuwa za kweli, ila hazikuwa za gari langu wala za hewa yetu.

Gari ni Forester XT ya toleo la SG5, injini EJ205 yenye turbo, gia za mkono. Kifaa nilikinunua kikiwa kimetumika, shilingi 32,000 pamoja na solenoidi yake, yaani vali ndogo ya umeme.

Kwanza kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo nilipopotea. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini; presha ya hewa hiyo ndiyo busti, nayo hupimwa kwa baa. Westigeti ni kilango kinachoupitisha moshi pembeni ili turbo isizidishe mwendo, na hufunguliwa na kopo lenye springi linalopokea presha kupitia kimpira chembamba. Solenoidi ya Profec hukaa katikati ya kimpira hicho, ikifunga na kufungua haraka haraka. Ukipandisha asilimia ya SET, ambao ndio mpangilio mkuu wa kifaa, kopo linapata presha kidogo, kilango kinachelewa kufunguka, busti inapanda. Kwa hiyo kifaa hakikuulizi unataka baa ngapi. Kinataka asilimia, na asilimia ile ile huzaa busti tofauti kwa kila gari. Hata gari moja halitoi namba moja asubuhi ya baridi ya Julai na mchana wa Februari.

Gereji ya kwanza walikifunga kwa saa mbili, wakaweka SET 40 kwa sababu rafiki yangu anatumia 40. Siku ya kwanza tu nilipokanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, sindano ya geji ilipita 0.9 ikaruka hadi 1.2, kisha gari likakatika ghafla kama mtu aliyezima swichi. Ilikuwa kompyuta ikikata mafuta kuilinda injini. Nikashusha SET hadi 25. Busti bado iliruka, kisha ikaanguka hadi 0.7. Nikagusa mipangilio mingine ya kifaa, GAIN na START BOOST, kila siku namba mpya. Nililaumu kifaa bure.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa Industrial Area. Hata skrini hakuitazama. Alichomoa vimpira kimoja kimoja na kuvipuliza kwa mdomo. Kwenye cha tatu akasita. “Dada, humu ndani kuna kitu.” Akatoa kipande kidogo cha shaba ya manjano chenye tundu jembamba sana. Subaru hukiweka kwa ajili ya solenoidi ya kiwandani, ambayo hupunguza presha ya kopo kwa kuivujisha. Solenoidi ya njia tatu kama ya Profec haikihitaji kabisa. Kikibaki, presha inalifikia kopo kwa kuchelewa, na busti inapitiliza kabla kilango hakijafunguka. Miezi yangu minne ilikuwa imekwama kwenye tundu lile. Kama unafunga kifaa cha aina hii kwenye Subaru, omba uonyeshwe kipande hicho kikiwa nje, mkononi mwa fundi. Plagi ya solenoidi ya zamani mzee aliiacha ikiwa imechomekwa, ili taa ya injini isiwake.

Baada ya hapo tuliweka swichi kwenye OFF na kupima busti ya springi peke yake: 0.5. Hii ndiyo namba ya kwanza ya kuijua, na gereji ya kwanza hawakuitafuta.

Sasa hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa yenyewe ni kama 0.82 baa, wakati Mombasa ni 1.01. Geji ya busti husoma kinachozidi hewa ya nje. Busti ya 0.9 hapa ni jumla ya 1.72 ndani ya injini, na kule pwani ni 1.91. Nikitaka injini ipate hapa hewa ile ile ya pwani, lazima geji isome karibu 1.1, na turbo ibane hewa zaidi ya mara 2.3. Turbo ndogo ya gari hili ikilazimishwa hivyo hupika hewa tu, na hewa ya moto huifanya injini igonge, yaani mafuta yalipuke ovyo kabla ya wakati wake. Nilikubali 0.9 na nimeridhika nayo.

Kazi yenyewe tuliifanyia kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za gari likiwa limesimama, si barabarani. Mrekebishaji aliandika upya kwanza ramani ya mafuta na moto, yaani maagizo ya kompyuta ya gari, tangi likiwa na petroli ya V-Power, na baada ya kila jaribio la daino alitazama kwenye laptopu kama injini inagonga. Alinieleza wazi kwamba baada ya ramani hiyo, hata solenoidi ya kiwandani ingeweza kunifikisha 0.9. Ni kweli, na kama huhitaji mipangilio miwili okoa pesa zako. Tulianza GAIN na START BOOST zikiwa sifuri, tukapandisha SET kidogo kidogo. START BOOST ndiyo iliyonibadilishia gari: hushikilia kilango kimefungwa mpaka presha uliyochagua, na nilipoiweka 0.6 busti ilianza kujaa mapema kuliko zamani. GAIN tuliigusa mwisho, kidogo, mpaka sindano ikatulia bila kupitiliza. Onyo likawekwa 1.0.

Tofauti naiona zaidi nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya malori. Zamani nilishuka gia ya pili na kungoja. Sasa ya tatu inatosha, na gari linaondoka bila kelele wala kusita. Matumizi ya mafuta mjini sijaona yakibadilika. Klachi yangu ya zamani, kwa upande mwingine, imeanza kuteleza, na nimeiwekea akiba.

Kifaa kina mipangilio miwili, HI ya juu na LO ya chini. HI, ile 0.9, ni ya Nairobi. LO nimeiweka 0.7 kwa ajili ya pwani, kwa kuwa hewa nzito na joto la kule vinaisogeza injini karibu na kugonga kwa busti ile ile. Nikishuka Mombasa nasimama Mtito Andei kunywa chai, na kabla ya kuondoka nakiweka kifaa kwenye LO.