Kiti cha magurudumu cha kukunja: chungulia kitambaa cha kukalia kabla ya kuuliza uzito

Kiti cha kwanza nilichomnunulia mama nilikichagua kwa dakika kumi. Muuzaji alishika kitambaa cha kukalia katikati, akakivuta juu, kiti kikajikunja, akakinyanyua kwa mkono mmoja na kukitia kwenye buti ya gari. Nikaona nimepata. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi miezi michache nyuma, mkono na mguu wa kushoto havikuwa na nguvu, na mtu wa kumpeleka kliniki na kwa ndugu zake nilikuwa mimi peke yangu. Nilitaka kitu chepesi kinachoingia kwenye gari, basi.

Mwezi wa tatu mama alianza kuinamia kushoto. Tulidhani ni kiharusi, nikamwekea mto ubavuni. Mwezi wa nne hakutaka tena kutoka. "Niache kitandani mwanangu, hicho kiti kinaniuma." Siku moja nikimwogesha nikaona baka kwenye kalio la kushoto, palipo na mfupa. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, pana joto, na ukibonyeza pamekuwa pagumu. Hivyo ndivyo kidonda cha mgandamizo kinavyoanza kwenye ngozi nyeusi. Vipeperushi vingi huandika "wekundu", na ukisubiri wekundu utachelewa.

Mtaalamu wa viungo aliyemwona alianza na kiti. Alimhamishia mama kitandani, akalaza rula ya mbao juu ya kiti kitupu, kutoka bomba la fremu la kushoto hadi la kulia, akaniambia nichungulie. Kati ya rula na kitambaa vilipita vidole vyangu vitatu. Kiti cha miezi minne tu kilikuwa kimeshageuka machela.

Tangu siku hiyo, jamaa akiniuliza anunue kiti gani, namuuliza kwanza: umekilazia rula?

Kiti cha kukunja tulichozoea kina vyuma viwili vinavyopishana chini kama mkasi. Mtindo huo ni wa Wamarekani wawili, Herbert Everest na Harry Jennings. Everest alivunjika mgongo mgodini mwaka 1918, na akachoka na viti vizito visivyoingia kwenye gari. Rafiki yake Jennings alikuwa mhandisi, na mwaka 1933 wakaunda kiti kinachokunjika, kisha wakakisajili kama uvumbuzi wao mwaka 1937. Mpaka leo viti vingi vya kukunja ni wajukuu wa kile. Lakini ili mkasi ujifunge, pa kukalia lazima pawe laini, kitambaa au ngozi ya plastiki iliyofungwa bomba hadi bomba. Kinachokiwezesha kiti kuingia kwenye gari ndicho kinachomwumiza anayekikalia.

Kitambaa kikilegea, mapaja yote mawili huviringika kwenda ndani na magoti hugongana. Nyonga haina tena mahali pa usawa pa kutulia, kwa hiyo upande mmoja hushuka, na kwa mtu wa kiharusi mara nyingi ni ule usio na nguvu. Mwili ukishapinda chini, mgongo nao hupinda juu ili kichwa kibaki wima. Uzito uliopaswa kugawanyika kwenye makalio na mapaja yote unaangukia mfupa mmoja. Mgonjwa huanza kuteleza mbele akitafuta nafuu, na wewe unamvuta juu kwa kwapa kila baada ya nusu saa ukidhani ni mkaidi. Mama nilimgombeza kwa kuteleza, nikiwa sijui, na bado inaniuma.

Basi nenda na rula, au fimbo yoyote iliyonyooka. Ilaze kwenye kiti kitupu. Kitambaa kipya kinapaswa kukaribia kuigusa, na mimi kikishuka zaidi ya sentimita mbili kikiwa dukani sikinunui, kwa sababu dukani ndipo kilipokaza kuliko siku zote zilizobaki. Halafu muombe muuzaji akukalishe dakika ishirini. Dakika mbili hazitoshi, kitambaa kibaya hujitambulisha baadaye. Kisha pinda uchungulie chini ya kiti. Ukiona mikanda kadhaa inayopita kwa upana, inayobanwa kwa velkro (utepe wa nailoni unaonatana) au kwa bizimu, hicho ni kitambaa kinachoweza kukazwa upya kila kinapolegea. Ukiona kipande kimoja kilichopigwa skrubu pembeni, hakikaziki. Siku kikilegea unabadilisha kitambaa kizima.

Ambaye tayari ana kiti kilicholegea asikitupe. Kuna ubao maalumu wa kukalia, wenye ndoano au kingo zinazokamata mabomba mawili, unaowekwa juu ya kitambaa na mto juu yake. Fundi seremala anaweza kuukata, ila lazima ukae juu ya mabomba yote mawili bila kuteleza, na usiwekwe kamwe bila mto mnene. Ubao na mto vitamwinua mtu, kwa hiyo pima upya pa kuwekea miguu na pa kuegemeza mikono. Nasi tulisahau, mama akawa ananing'iniza miguu. Ubao huo pia hutolewa kila kiti kinapokunjwa, na ndiyo sababu wengi huuacha nyumbani siku ya safari.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Upana uwe ule wa nyonga pamoja na sentimita mbili au tatu tu. Kiti kipana "ili ajinafasi" humlaza mtu upande na hakipiti milangoni. Nyuma ya goti pabaki vidole viwili au vitatu kabla ya ukingo wa kiti. Vikanyagio viwe juu ya ardhi angalau sentimita tano. Breki, mifuko na rangi muuzaji atakuonyesha mwenyewe bila kuulizwa. Matairi ya upepo hupunguza mitikisiko lakini hutoboka, na ya mpira mtupu hayatoboki lakini kila kokoto huhisiwa mgongoni.

Sasa viti vyenyewe, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza nawapa Karma wa Taiwan, vile viti vyao vya alumini vyenye kiti cha umbo la herufi S. Sifichi kwamba napendelea, kwa sababu ndicho mama anachokikalia sasa. Badala ya kutandazwa bapa, kitambaa cha kukalia kimepewa umbo: nyuma pana bonde la makalio, mbele panainuka kidogo chini ya mapaja. Nyonga inakaa nyuma inakotakiwa na haitelezi. Wiki ya kwanza niligundua kwamba sijamvuta kwa kwapa hata mara moja. Vitambaa vinatoka vinafuliwa, jambo ambalo aliyewahi kumhudumia mgonjwa asiyeshika mkojo analielewa bila maelezo. Kinajikunja kama vingine na kinaingia kwenye buti ya gari dogo. Bado nakilazia rula kila mwezi, na bado mto mzuri unahitajika juu yake kwa anayekaa saa nyingi. Lakini mtengenezaji huyu amefikiria makalio kabla ya kufikiria buti, na ndicho ninachomlipia.

Cha pili ni Quickie 2 ya kampuni ya Sunrise Medical, kwa mtu anayejisukuma mwenyewe. Ekseli ya nyuma inasogezwa mbele au nyuma kulingana na mwili wa mtu, na mabega ndiyo yanayonufaika, maana gurudumu likikaa nyuma mno kila msukumo unakula bega. Huagizwa kwa vipimo vya mtu. Ukiagiza, taja kwa maandishi kwamba unataka kitambaa kinachokazika, cha kukalia na cha mgongo, maana usipotaja utaletewa cha kawaida. Kwa mama, anayesukumwa, ingekuwa kulipia kisichotumika.

Cha tatu ni Helio ya kampuni ya Motion Composites ya Kanada, hasa ile ya nyuzi za kaboni, miongoni mwa viti vyepesi kabisa vya kukunja. Nakiweka kwa ajili ya mhudumu mwenye mgongo mbovu anayenyanyua kiti peke yake mara nne kwa siku. Kwa huyo, kila kilo ni siku za maisha yake, na asiambiwe anaendekeza anasa. Ila bei yake ni ya kukaa chini na familia nzima.

Kisha kuna vile vya magurudumu madogo manne, vya kusukumwa tu. Ni vyepesi, vingine havifiki kilo kumi, na mgongo wake hukunjwa nusu. Safari ya hospitali, uwanja wa ndege, sawa. Lakini pa kukalia pake mara nyingi ni kitambaa kimoja chembamba, na magurudumu madogo hukwama kwenye kila ufa na kumrusha mtu mbele. Nakataa kabisa kumwona mtu akishinda humo kutwa.

Viti vya bei nafuu vya chuma, vile vya ngozi ya plastiki nyeusi, vinafaa kwa mguu uliofungwa plasta, wiki sita basi. Ukilazimika navyo, ongeza ubao na mto siku ileile.

Vya umeme vya kukunja sivipangi, ila mwenye kusafiri kwa ndege aangalie betri kabla ya kununua. Kwa betri ya lithiamu inayotolewa kwenye kiti, kikomo cha kawaida ni wati-saa (huandikwa Wh) 300, au 160 kila moja kama ni mbili, na husafiri nawe ndani ya ndege. Namba iwe imeandikwa kwenye betri yenyewe, na shirika la ndege liambiwe mapema.

Ukiona tangazo linadai kiti ni "imara", uliza kama kimepimwa kwa ISO 7176-8, kiwango cha kimataifa cha uimara wa viti vya magurudumu. Katika kipimo hicho kiti chenye mwanasesere mzito huendeshwa juu ya mapipa mawili yenye matuta, yanayozunguka mara 200,000, kisha huangushwa mara 6,666. Na kama mgonjwa atasafiri garini akiwa amekaa kwenye kiti chake, kinachohusika ni ISO 7176-19. Viti vingi vyepesi havina hicho, na katika ajali kiti kisichopimwa kinaweza kukunjika mtu akiwa ndani. Mama tunamhamishia kwenye siti ya gari kila mara, hata mvua ikinyesha.

Nina kinyongo na wauzaji, na nitakisema. Uzito wanaoandika mara nyingi ni wa kiti kilichonyang'anywa vikanyagio, na vingine magurudumu pia. Kilichotajwa kuwa kilo kumi na moja nilikipima nyumbani kikiwa kizima, kikafika kumi na nne na ushei. Chukua mzani wa bafuni, simama juu yake ukiwa umekibeba, kisha bila kukibeba. Na kama magurudumu makubwa yanachomoka kwa kubonyeza kitufe katikati, chomoa kila kitu kinachochomoka, pima kipande kizito kuliko vyote. Hicho ndicho mgongo wako utakachonyanyua, nusu kikiwa ndani ya buti na nusu nje, ukiwa umepinda kiuno.

Wengine hawaruhusu mtu akikalie kiti, eti kitachafuka. Kiti kitakachokaliwa saa kumi kwa siku kinauzwa kwa picha! Nilipomwambia mmoja nataka kulaza rula, aliniuliza kama napima meza.

Lakini lililonikasirisha zaidi lilikuja baadaye. Kile kiti cha kwanza fremu yake ilikuwa nzima kabisa, breki nzima, magurudumu mazima. Nilirudi nilikonunua kuomba kitambaa cha kukalia tu. Nikajibiwa kwamba hakiuzwi peke yake, ninunue kiti kingine. Kifaa kinachochakaa kuliko vyote ndicho pekee wasichokiweka akiba. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, muulize muuzaji namba ya kitambaa cha kukalia cha modeli hiyo, muulize kinapatikana baada ya muda gani, akuandikie kwenye risiti. Akianza kukuonyesha mifuko ya pembeni, toka uende kwa mwingine.